SAFARI YA NG'AMBO KWA AJILI YA PROSTATI: HATUA YA KWANZA NI DISPANSARI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati bwana yuko kazini, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wanaume wengi wanalificha. Wanalificha kwa shefu, wanalificha kwa mganga wa hospitali, na wengine wanalificha hata kwa bibi zao. Jambo hilo ni prostati inayovimba kwa wanaume waliopita miaka 50.

Tena tunataka kuzungumza juu ya safari. Kwa maana siku hizi mtu akisikia neno «prostati», mara moja ndugu na marafiki wanamwambia: «Nenda Uhindi», «Nenda Afrika ya Kusini», «Vuka Zambia». Hatusemi kwamba kusafiri ni kosa. Kuna wagonjwa wanaopaswa kusafiri. Lakini kuna safari zinazoanza kwa mguu mbaya, nazo zinakula mali ya watoto na kuharibu mafigo ya baba. Soma mpaka mwisho, kisha umpe jirani yako naye asome.

MZEE NA BASI LA ASUBUHI

Tuseme kuna mzee mmoja katika kambi. Si fulani wala fulani, ni mfano tu. Lakini mwangalie vizuri, labda utamwona jirani yako ndani yake. Amefanya kazi ya umeme karibu miaka 30. Kwa miaka miwili sasa anaamka usiku mara nne, mara tano, kwenda kukojoa. Akifika chooni anasimama, anangoja. Mkojo unakuja kwa shida, unakatika, unaanza tena. Asubuhi anafika kazini na macho mekundu. Wenzake wanacheka: «Mzee, jana ulikunywa chupa ngapi?» Naye anacheka pamoja nao, hasemi kitu.

Bibi yake anamwambia: «Baba watoto, nenda dispansari.» Anajibu: «Ni uzee tu, mama. Utapita.» Uzee haupiti, ndugu.

Mwisho mtu mmoja anamwambia kwamba ng'ambo kuna mashine inayomaliza ugonjwa huu bila kisu. Mzee anauza parseli aliyowawekea watoto, anakopa kwa shemeji yake, anakata tikiti. Asubuhi ya safari hanywi maji mengi, ili asimsumbue dereva. Basi linatoka Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, karibu kilomita 90. Barabara imejaa malori ya shaba, na karibu na mpaka msururu hausogei. Mzee amebana mkojo tangu alfajiri. Anaposhuka kukojoa, hata tone moja halitoki. Tumbo la chini linajaa, linakuwa gumu kama ngoma, na maumivu yanamtoa jasho.

Fedha ya parseli iko mfukoni, lakini saa ile haimsaidii. Anachohitaji ni mpira mwembamba wa kutoa mkojo, ule tunaouita sonda. Muuguzi aliyefundishwa angeweza kumtilia mpira huo katika dakika chache, hapa hapa nyumbani.

PROSTATI NI KITU GANI?

Prostati ni tezi ya kiume. Wanawake hawana. Iko chini ya kibofu cha mkojo, nayo inazunguka njia ya mkojo pale inapotoka katika kibofu. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, kama yai la njiwa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za mwanaume.

Mwanaume akizidi kuwa na umri, tezi hii inakua. Karibu nusu ya wanaume waliofika miaka 60 wana prostati iliyoanza kukua, na kwa waliopita miaka 80 ni wengi zaidi. Si wote wanaopata taabu. Wengine wana tezi kubwa na wanakojoa vizuri. Wengine tezi yao ni ndogo lakini inabana sana.

Wewe unayefanya kazi na pampu utaelewa upesi. Chukua mpira wa maji, uweke kolye ya chuma juu yake, halafu uikaze kidogo kidogo. Maji yanapungua. Pampu inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kwanza inashinda, kisha inachoka. Kibofu ni ile pampu. Kikichoka, hakiwezi tena kutoa mkojo wote. Mwingine unabaki ndani. Mkojo unaobaki unaleta vidudu na mawe. Na shinikizo likizidi, linarudi juu mpaka kwenye mafigo na kuyaharibu.

Ugonjwa huu hautoki kwa uchawi. Hauletwi na wanawake wa nje. Haukupatikana kwa sababu ulikalia jiwe lenye baridi au uliendesha mashine kubwa. Unakuja kwa sababu wewe ni mwanaume na umri unaenda mbele. Basi hakuna haya ndani yake.

JE, NI KANSA?

Hapana. Prostati kukua hivi siyo kansa, wala haigeuki kuwa kansa. Lakini kansa ya prostati ni ugonjwa mwingine unaoweza kumpata mwanaume yule yule, katika tezi ile ile, na mara nyingi mwanzoni hauna dalili yoyote. Ndiyo sababu ni lazima mganga apime na kutenganisha mambo haya mawili.

Wasomaji wazee wanakumbuka mwaka 1996, wakati Rais Mobutu alipopasuliwa huko Lausanne, Uswisi. Yeye alikuwa na kansa ya prostati, akafariki Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997. Mpaka leo kuna watu wanaokumbuka habari ile na kusema: «Prostati ni kifo, na dawa yake iko Ulaya.» Maneno yote mawili si kweli. Wanaume wengi wenye prostati kubwa hawana kansa, na matibabu yao hayahitaji ndege.

DALILI ZA KUANGALIA

Jiulize maswali haya bila kujidanganya:

– Je, ninaamka usiku mara mbili au zaidi kukojoa?
– Je, ninangoja muda mrefu kabla mkojo haujatoka?
– Je, mkojo hauna nguvu, unakatika, au unadondoka baada ya kumaliza?
– Je, nikimaliza ninasikia kwamba mwingine umebaki?
– Je, mkojo unanishika ghafula hata siwezi kufika chooni?

Ukijibu ndiyo kwa moja au zaidi, nenda ukaone mganga wiki hii. Kumbuka kwamba ugonjwa wa sukari nao unamwamsha mtu usiku; mganga atapima yote mawili.

Lakini ukiona moja ya mambo yafuatayo, usingoje wiki: mkojo umefungwa kabisa na tumbo linauma, kuna damu katika mkojo, una homa na kutetemeka pamoja na taabu ya kukojoa. Hapo ni hospitali siku ile ile, hata usiku wa manane. Mkojo ukifunga, usinywe maji mengi ukidhani yatafungua njia, wala usinywe dawa ya mizizi ya kuleta mkojo. Ni sawa na kufungua bomba juu ya pipa lililokwisha kujaa.

Kuna dalili moja inayodanganya watu. Mzee anaanza kulowesha kitanda usiku, bila maumivu. Nyumbani wanafikiri: «Mkojo unatoka, basi njia iko wazi.» Kinyume chake! Mara nyingi kibofu kimejaa mpaka juu, nao ule unaomwagika ni wa ziada tu. Mtu kama huyu mafigo yake yanaweza kuwa hatarini bila yeye kusikia kitu.

HATARI KAZINI

Huu ni ukurasa wa usalama, basi tuseme wazi namna prostati inavyoingia katika kazi.

Kwanza, usingizi. Mtu aliyeamka mara tano usiku hajapumzika. Ukimpa lori la tani nyingi, au kazi ya umeme wa nguvu, macho yake yatafunga wakati hayapaswi kufunga. Shefu wa ekipi, ukiona mzee wako anasinzia, usiharakishe kufikiri habari ya pombe. Mwite kando, umwulize kwa heshima, umtume kwa mganga.

Pili, maji. Kuna waendesha mashine wanaokataa kunywa maji siku nzima ili wasishuke kukojoa. Katika joto la shimo au la tanuru, huo ni ujinga wa hatari. Mwili unakauka, kichwa kinazunguka, mkojo unakuwa mzito na mawe yanaweza kufanyika. Kunywa maji wakati wa kazi. Punguza kunywa saa mbili au tatu kabla ya kulala, na punguza kahawa na pombe jioni.

Tatu, dawa. Dawa nyingine za mafua na za kuziba pua zinaweza kufunga mkojo wa mtu mwenye prostati kubwa. Kabla ya kununua dawa sokoni, sema ugonjwa wako. Na dawa nyingine za prostati zenyewe zinashusha nguvu ya damu, hasa siku za kwanza. Mtu akisimama upesi anaona giza. Aliyeanza dawa hizi amwambie mganga wa kazi kabla ya kupanda ngazi au kushika mashine.

KWA MGANGA WATAFANYA NINI?

Wengi wanaogopa kwa sababu hawajui. Tueleze.

Mganga atakuuliza maswali juu ya kukojoa kwako. Atagusa tumbo. Kisha, akiwa amevaa glavu, atatia kidole kimoja katika njia ya haja kubwa, kwa sababu prostati iko karibu na pale. Inachukua muda mfupi sana. Kidole hicho kinamwambia kama tezi ni laini au ngumu, na ugumu unaweza kuwa alama ya kansa. Baba, umeshuka chini ya ardhi miaka 20 bila kuogopa, usiogope kidole.

Halafu watapima mkojo. Watapima damu kwa kreatinini, ili kujua mafigo yanafanya kazi namna gani. Wanaweza kupima pia kitu kinachoitwa PSA. PSA ikipanda, usianze kulia: inapanda kwa kansa, lakini inapanda pia kwa prostati kubwa, kwa vidudu, au baada ya kuwekwa sonda. Mwisho kuna ekografi, ile mashine wanayotumia kwa mama wajawazito. Inaonyesha ukubwa wa prostati na mkojo unaobaki baada ya kukojoa.

Vipimo hivi havihitaji pasiporti. Vinafanyika katika hospitali kubwa za Lubumbashi, na ndivyo vitakavyokuambia kama una haja ya safari au hapana.

DAWA AU KISU?

Kama taabu ni ndogo, mganga anaweza kukuambia: badili namna ya kunywa, rudi baada ya miezi kadhaa tuangalie. Usifikiri amekudharau. Hiyo ni njia mojawapo ya kutibu.

Kama taabu ni kubwa kidogo, kuna vidonge. Namna ya kwanza, kama tamsulozini na alfuzosini, inalegeza misuli ya njia ya mkojo. Mtu anaona nafuu katika siku chache au wiki chache. Namna ya pili, kama finasteridi na dutasteridi, inapunguza tezi yenyewe, lakini polepole: ngoja miezi kama sita kabla ya kusema haifanyi kazi. Dawa hizi za pili zinashusha PSA mpaka karibu nusu, basi mwambie kila mganga kwamba unazimeza. Na mama mwenye mimba asishike kidonge cha namna hii kilichovunjika, kwa ajili ya mtoto wa kiume anayeweza kuwa tumboni.

Kisu kinahitajika wakati vidonge vimeshindwa, wakati mkojo unafunga tena na tena, wakati kuna mawe katika kibofu, damu isiyokoma, au mafigo yameanza kuumia.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kufungua tumbo la chini na kutoa ile sehemu iliyokua. Si kazi mpya. Mganga Peter Freyer, aliyefanya kazi miaka mingi Uhindi kabla ya kurudi London, aliitangaza mwaka 1901. Na Terence Millin alionyesha namna nyingine mwaka 1945. Mpaka leo ni njia nzuri, hasa kwa tezi kubwa sana, na waganga wetu wa upasuaji wanaijua. Mgonjwa analala hospitali kwa muda wa wiki moja hivi.

Njia ya pili ni kupitia njia ya mkojo, kwa chombo chembamba chenye taa, bila kufungua tumbo. Tezi inakatwa vipande vidogo kwa umeme, au inatolewa kwa mwanga wa leza. Hii ndiyo wanayoiita «bila kisu». Lakini elewa: ni upasuaji. Kuna dawa ya ganzi au ya usingizi, kuna sonda, damu inaweza kutoka. Faida yake ni kwamba mtu anatoka hospitali mapema, mara nyingi baada ya siku chache.

Tena kuna swali ambalo wanaume wanaliuliza kwa sauti ndogo: «Nikipasuliwa, nitabaki mwanaume?» Kwa wengi nguvu ya kiume inabaki kama ilivyokuwa mbele. Linalobadilika mara nyingi ni hili: maji ya mwanaume hayatoki tena nje, yanaingia katika kibofu na kutoka na mkojo. Hayaleti maumivu wala ugonjwa, lakini kupata mtoto kunakuwa vigumu. Kama unataka mtoto tena, sema kabla ya kupasuliwa, na umweleze bibi yako.

NANI ANAPASWA KUSAFIRI?

Uliza mganga wako swali moja: «Ni kitu gani ninachohitaji ambacho hakipatikani hapa?» Kama akikujibu kwa jina la kitu hicho, safari ina sababu. Kwa mfano: moyo wako ni dhaifu na unameza dawa za kupunguza kuganda kwa damu, naye anaona leza inakufaa zaidi, au kansa imeonekana na unahitaji mashine ya mionzi, au ulikwisha kupasuliwa na njia imeziba tena kwa kovu. Lakini kama jibu ni «kule ni Ulaya» au «fulani alikwenda», funga sanduku lako na urudishe fedha benki.

UKISAFIRI, FANYA HIVI

1. Usisafiri na mkojo unaotaka kufunga. Kama kibofu hakimaliziki, mwulize mganga kama inafaa uwekwe sonda kabla ya safari. Mtu mwenye sonda anaweza kukaa katika basi au ndege kwa amani. Mfuko uwe chini ya kibofu kila mara, usivute mpira, na ujue tarehe ya kuubadili.

2. Ndani ya basi, kaa karibu na mlango. Mwambie dereva mapema kwamba wewe ni mgonjwa. Kukojoa kando ya barabara si aibu. Kubana mkojo saa sita ndiyo hatari.

3. Beba karatasi zote: PSA, kreatinini, mkojo, ekografi, kundi la damu, na majina ya dawa unazomeza, pamoja na za sukari, za nguvu ya damu na asipirini. Karatasi zetu zimeandikwa Kifaransa. Zambia, Afrika ya Kusini na Uhindi wanatumia Kiingereza. Mwombe mganga akuandikie muhtasari wa Kiingereza.

4. Cheti cha homa ya manjano. Watu wanachomwa sindano jana na kufika mpakani leo, kisha wanashangaa kuzuiliwa. Cheti cha sindano ya kwanza kinaanza kuwa na nguvu baada ya siku 10. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, basi kama unacho cha zamani, kitafute kwanza. Mtu aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchomwa azungumze na mganga, kwa sababu kwa wazee sindano hiyo inahitaji uangalifu.

5. Viza. Uhindi wana viza ya matibabu kwa mgonjwa, na nyingine kwa anayemsindikiza. Usiende na viza ya kutembea. Na usiende peke yako: baada ya dawa ya usingizi, nani atasikiliza maneno ya mganga?

6. Fedha. Omba hospitali iandike bei yote kabla hujatoka nyumbani: vipimo, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda, sonda, na kupima nyama iliyotolewa. Uliza: «Kukitokea damu nyingi, nikakaa siku tano zaidi, nitalipa kiasi gani?» Ongeza nyumba ya kulala, chakula na tikiti ya kurudi. Mtu anayekupeleka hospitali moja tu na kukataza usiulize nyingine, jihadhari naye. Na kabla ya kuuza kitu chochote, pita katika ofisi ya huduma za jamii ya kampuni ujue kazi inalipa nini na hailipi nini.

KURUDI NYUMBANI NI SEHEMU YA MATIBABU

Hapa wengi wanakosea. Wanafikiri wakitoka hospitali mambo yamekwisha. Sikiliza: baada ya upasuaji wa prostati, damu inaweza kurudi katika wiki ya pili, wakati kigaga cha ndani kinapobanduka. Ndio wakati ambapo mtu wetu yuko barabarani na mizigo kichwani! Basi mwulize aliyekupasua: «Ninaweza kusafiri siku gani?» na uheshimu jibu lake. Katika safari ndefu nyosha miguu, simama, tembea, ili damu isigande katika miguu.

Ukifika nyumbani, kunywa maji ya kutosha. Usibebe mfuko wa unga, usichimbe shamba, usipande kinga wala pikipiki kwa wiki nne mpaka sita. Kula mboga na matunda, usijikaze chooni. Usirudi kazini kwa sababu tu unajisikia vizuri. Mganga wa kampuni ndiye atakayekuandikia.

Na karatasi mbili usiziache ng'ambo: ile inayoeleza upasuaji uliofanywa, na jibu la laboratwari juu ya nyama iliyotolewa. Mara nyingine kansa ndogo inaonekana katika nyama hiyo, naye mgonjwa yuko kwake hana habari. Tena jua kwamba hawakutoa prostati yote. Sehemu ya nje imebaki. Basi endelea kupimwa kama mganga wako atakavyosema.

KWENU AKINA MAMA

Mama, wewe ndiwe unayejua bwana anaamka mara ngapi. Wewe unaona shuka iliyolowa. Usicheke, usinyamaze, usiwape watoto maneno hayo. Mwambie polepole, wakati mko wawili, na umsindikize. Wanaume wengi wanafika kwa mganga kwa sababu bibi alikataa kunyamaza.

TUMALIZE NA YULE MZEE

Turudi kwa mzee wetu, lakini safari hii tumpe njia nyingine. Usiku mmoja anaamka mara ya tano, na bibi yake anawasha taa. «Baba watoto, kesho asubuhi tunakwenda dispansari sisi wawili.» Anakubali. Pale anakuta mganga kijana, umri wa mwanawe. Kijana anasimama, anamwambia: «Karibu, baba. Kaa. Nieleze.» Na mzee, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, anaeleza.

Wanampima. Labda vidonge vitamtosha. Labda atapasuliwa hapa, watoto wakimletea uji asubuhi. Labda mganga ataona kwamba lazima avuke mpaka. Basi atavuka akiwa na sonda, na karatasi, na bei iliyoandikwa, na mtu wa kumsindikiza. Katika njia zote tatu ameanza mahali panapofaa, na mafigo yake yamelindwa. Na kama parseli itauzwa, itauzwa kwa sababu aliyoijua, si kwa hofu.

Ndugu mfanyakazi, unapima mashine yako kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Ukisikia sauti mbaya, unaizima na kumwita fundi, hungoji ivunjike. Mwili wako ni mashine ambayo magazini haina vipande vyake vya kubadili. Ukipita miaka 50, nenda kapimwe.